Miwani ya Mtoa Jina

Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia. Maana ya msemo huo ni kuwa jicho huona kila lipitalo mbele yake, lipendezalo na lichukizalo, wala halina namna ya kujizuia. Lakini kuona ni jambo moja, na kutaja kilichoonwa ni jambo jingine. Jicho halina pazia, ulimi unalo. Mtu amtazamapo mnyama asiyemjua na kutafuta neno la kumwitia, halichoti neno hilo mwilini mwa mnyama peke yake. Hulichota pia nyumbani kwake mwenyewe, katika vyombo alivyovizoea, katika kazi yake, katika dini yake na katika mizaha ya watu wake. Kwa sababu hiyo jina la mnyama lina pande mbili: upande mmoja humwonyesha mnyama, na upande wa pili humwonyesha mtoa jina. Uhakiki wa fasihi, ambao kazi yake ni kuyapima maneno na kuyauliza yametoka wapi na yanakwenda wapi, una haki ya kulipima jina kama uupimavyo ubeti. Maana jina lililojengwa kwa mfano ni shairi fupi kuliko mashairi yote.

Liko kundi moja la majina ambalo lafaa sana kwa upimaji wa namna hiyo. Ni kundi la wanyama walioitwa kwa miwani. Waingereza, Wajerumani, Wafaransa na Wahispania, kila taifa kwa lugha yake, wamezitazama alama zilizo machoni au karibu na macho ya wanyama fulani, wakaona miwani. Yuko dubu wa Amerika ya Kusini, yuko nyoka wa Bara Hindi, yuko mamba mdogo aitwaye kaimani, yuko bundi wa misitu ya Amerika, yuko popo mkubwa wa Australia, yuko pomboo wa bahari baridi za kusini, yuko bata wa Alaska na Siberia, na wako ndege wadogo wengi wa Afrika na Asia. Wataalamu wa elimu ya viumbe nao walipowapa baadhi ya hao majina ya Kilatini, walitumia maneno *perspicillatus* na *conspicillatus*, ambayo yote mawili hutokana na chombo cha kuonea. Majina haya sasa yanabisha hodi katika mlango wa Kiswahili. Mtungaji wa kitabu cha shule, mfasiri wa habari za wanyama na mwandishi wa kamusi hukutana nayo, na aghalabu huyafasiri neno kwa neno: dubu mwenye miwani, bundi mwenye miwani, nyoka wa miwani. Swali la uhakiki huu ni kama Kiswahili kinafaidika kwa kuyapokea hivyo, au kinavishwa miwani ya mtu mwingine.

Yafaa kwanza kuikumbuka historia ya chombo chenyewe. Miwani ya kusomea ilianza Italia mwishoni mwa karne ya 13. Padri mmoja wa Pisa, Giordano, alipohubiri mjini Florence mwaka 1306, alisema kwamba haijatimia miaka 20 tangu ufundi huo ulipobuniwa. Basi hakuna jina la mnyama lililo na miwani ndani yake liwezalo kuwa na umri mkubwa kuliko huo. Dubu alikuwako milimani maelfu ya miaka kabla ya kioo cha kwanza kuchongwa. Nyoka naye alikuwako. Na watu walioishi nao walikuwako, nao waliwaita kwa majina. Jina la miwani ni jina la pili, na mara nyingi ni la tatu au la nne. Hilo peke yake si kosa, kwa kuwa lugha zote huongeza majina. Lakini ajuaye kwamba jina fulani ni la pili hana budi kuuliza la kwanza lilikuwa lipi.

Baada ya historia, linafuata umbo. Miwani ya kale haikuwa na mikono ya kushika masikio. Ilikuwa pete mbili zilizounganishwa kwa daraja moja, nayo iliwekwa juu ya pua au kushikwa kwa mkono. Mfano wa miwani ukiwa kamili, basi, una sehemu tatu: pete, pete, na daraja. Mtu akiwapanga wanyama wa kundi hili mbele ya kipimo hicho, ataona kwamba mfano mmoja umetumiwa kwa mambo yasiyofanana. Nyoka wa Bara Hindi anazo sehemu zote tatu, ila hazimo machoni pake; zimo nyuma ya shingo anapoitanua, yaani miwani yake imevaliwa kisogoni. Kaimani hana pete hata moja. Anacho kigongo cha mfupa kati ya macho, nacho hufanana na daraja la miwani iliyopotelewa na vioo vyake. Ndege wadogo ambao Wajerumani huwaita ndege wa miwani wana pete za manyoya meupe kuzunguka macho, lakini hawana daraja. Na yuko mnana mmoja wa Afrika ya Mashariki na ya Kusini, wa rangi ya manjano, ambaye Waingereza wamemtia katika kundi hilo ijapokuwa hana pete wala daraja, ila mstari mweusi upitao jichoni. Jina lake la Kilatini, *ocularis*, lasema jambo la jicho tu, nalo limekaribia kweli zaidi kuliko la Kiingereza.

Kwa hiyo neno moja limebebeshwa pete, daraja, mstari na alama ya kisogoni. Mshairi afanyaye hivyo huambiwa kwamba mfano wake umechakaa. John Gould, mtaalamu mashuhuri wa ndege na wanyama wa Australia, alilitumia neno *conspicillatus* mwaka 1842 kwa mnyama mdogo wa jamii ya kangaruu, kisha akalitumia tena mwaka 1850 kwa popo mkubwa mla matunda. Mara ya kwanza mfano humfanya msikiaji atazame. Mara ya pili humfanya akumbuke. Mara ya tano humfanya asitazame tena, kwa sababu anadhani amekwisha kuona. Hapo mfano umekuwa mhuri, na kazi ya mhuri ni kupitisha karatasi, wala si kufungua macho.

Ubaya wa mhuri huonekana wazi mtu anapomchukua mnyama mmoja na kuyaweka majina yake yote mahali pamoja. Nyoka wa Bara Hindi atosha kuwa ushahidi. Katika lugha za nchi ile huitwa naga au nag, jina la kale ambalo Linnaeus alilipokea alipomwandika nyoka huyo mwaka 1758, akaliandika *naja*. Wareno waliofika kwa merikebu waliitazama shingo yake iliyotanuka, wakaona kofia ya joho, wakamwita nyoka wa kofia. Ndilo jina lililozaa neno kobra la Ulaya nzima. Wajerumani waliitazama alama iliyo juu ya kofia hiyo, wakaona miwani. Wabengali waliitazama alama hiyohiyo, na jina lao gokhra huelezwa kuwa asili yake ni ukwato wa ng'ombe. Katika visa vya Wahindu juu ya Krishna, nyoka Kaliya alikanyagwa kichwani na Krishna aliyekuwa akicheza juu yake, na nyayo zilizobaki zikawa hati ya amani ya kumkinga na ndege Garuda. Katika masimulizi ya Wabuddha, nyoka alimtanulia Buddha shingo yake iwe kivuli, naye akambariki kwa kumgusa kwa vidole viwili, na alama ikabaki pale vidole vilipogusa.

Alama ni moja. Walioitazama ni wengi. Mkulima ameona ukwato, mchaji ameona unyayo na baraka, baharia ameona kofia, na msomi wa Ulaya ameona miwani. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Lakini majina haya hayalingani kwa uzito. Ukwato na unyayo humweka nyoka ndani ya maisha ya watu wanaomwogopa na kumheshimu. Humpa sababu ya kuwa na alama. Miwani haimpi sababu yoyote. Hakuna aliyesimulia kwa nini nyoka amevaa miwani, naye akisimulia itakuwa kichekesho. Huo ndio upungufu wa kifasihi wa mfano huu: ni mfano wa jicho bila kisa. Wala mambo hayakuishia hapo. Jamaa wa nyoka huyo, ambaye ana pete moja badala ya mbili, Waingereza walimpa jina la kile kioo kimoja ambacho mabwana wa zamani wa Ulaya walikibana katika jicho moja. Hapo mtoa jina amejionyesha kabisa. Anayelisikia jina hilo leo hamwoni nyoka. Anamwona bwana mwenye kofia ndefu akiingia karamuni.

Mfano wa pili ni dubu. Huyu ndiye dubu pekee wa Amerika ya Kusini, naye huishi katika milima ya Andes, tangu Venezuela mpaka Bolivia. Ni wa mwisho aliyesalia katika ukoo wa dubu wa nyuso fupi, ambao wengine wote walikwisha kutoweka. Ana manyoya meusi, na mistari ya rangi ya maziwa au ya manjano hafifu hupita usoni mwake na kushuka kifuani. Wahispania walimwita dubu wa miwani, na Ulaya ikafuata. Frédéric Cuvier alipomwandika katika vitabu vya elimu mwaka 1825, hakutaja miwani. Alimwita *ornatus*, yaani aliyepambwa. Mwaka 1855 Paul Gervais alimpa jina la ukoo *Tremarctos*, linalotokana na maneno ya Kiyunani ya tundu na dubu, kwa ajili ya tundu lililo katika mfupa wa mkono wake. Katika Venezuela huitwa pia *oso frontino*, na neno hilo *frontino* ni la wafugaji: hutajwa kwa mnyama mwenye alama katika paji la uso. Na kabla ya hao wote, wenyeji wa milimani waliosema Kikechua walimwita *ukuku* au *ukumari*, na waliosema Kiaymara wakamwita *jukumari*.

Majina hayo ya wenyeji yana uzito ambao miwani haiufikii. Ukuku si mnyama wa msituni tu. Katika masimulizi ya milimani yuko mtoto wa dubu na mwanamke, mwenye nguvu kupita kiasi, aliye nusu wa kijiji na nusu wa mwitu. Katika hija ya Qoyllur Rit'i, karibu na Cuzco, wachezaji wajiitao ukuku hupanda mpaka penye barafu ya mlima. Zamani walishuka na vipande vya barafu mgongoni kuwa dawa na baraka, mpaka desturi hiyo ikaachwa kwa kuwa barafu yenyewe inapungua. Jina ukuku humwita dubu pamoja na mlima, barafu, dansi na hofu. Jina dubu mwenye miwani humwita uso wake peke yake, na hata uso huo haulifuati jina daima. Alama za dubu hawa hutofautiana kutoka mmoja hadi mwingine kiasi cha wachunguzi kuzitumia kumtambua kila mmoja kwa nafsi yake, na wako ambao alama hiyo ni chache sana au haipo kabisa. Basi miwani, iliyotajwa ili iwatambulishe wote, haiwahusu wote. Na tofauti za alama, ambazo ndizo zenye faida kwa elimu, jina limezifunika.

Bundi wa Amerika ya Kusini na ya Kati ametiwa katika shida nyingine. John Latham alimwandika mwaka 1790 kwa neno *perspicillata*, kwa ajili ya nyusi na mistari myeupe iuzungukayo uso wake mweusi. Hilo ni kweli kwa bundi aliyekomaa. Lakini kinda lake lina manyoya meupe na uso mweusi, hata mtu asiyejua angeapa kwamba ni ndege wa aina nyingine. Nyeupe ya mzazi imekuwa nyeusi ya mtoto. Jina limemshika ndege katika umri mmoja likasahau kwamba alikuwa na umri mwingine. Mhakiki halidai jina liseme yote, kwa maana hakuna neno lisemalo yote. Analidai tu lisiahidi zaidi ya liwezavyo kutimiza.

Yote hayo ni makosa ya lugha za watu wengine. Jambo linalokihusu Kiswahili ni kwamba, likifasiriwa neno kwa neno, jina hilo huongeza kosa lake jipya. Neno miwani katika Kiswahili lina maisha yake. Husemwa kwamba fulani amevaa miwani, na kila mwenye Kiswahili chake hujua kuwa msemaji huenda hataji vioo hata kidogo, bali anasema kwa adabu kuwa mtu huyo amelewa. Mfasiri akiandika dubu aliyevaa miwani, ameleta darasani dubu mlevi, na wanafunzi watacheka kabla ya kusoma. Akikimbilia dubu mwenye miwani, ameliepuka tusi lakini hakuiepuka dhana ya milki: mwenye kitu aweza kukiweka chini na kukichukua tena, ilhali alama ya manyoya haivuliwi. Tena katika masikio ya wengi miwani ni dalili ya uzee, ya kusoma na ya ukarani. Dubu wa Andes si mzee wala si karani. Istiari iliyovuka bahari imepakua shehena ambayo haikuandikwa katika hati ya merikebu.

Kiswahili chenyewe kina desturi gani ya kumtaja mnyama kwa alama ya mwili? Mifano iko mingi, nayo hufundisha. Punda milia ametajwa kwa jamii yake na kwa alama yake: ni punda, naye ana milia. Elimu ya viumbe, ambayo humweka pamoja na punda katika jenasi moja, haina ugomvi na jina hilo. Mnyama mwingine wa nyika, mwenye masikio makubwa mno kwa kichwa chake, Waingereza humwita mbweha mwenye masikio ya popo. Kiswahili humwita bweha masikio, kikanyamaza. Katika jina la Kiingereza msikiaji hana budi kumjua popo kwanza ndipo amjue bweha. Katika jina la Kiswahili anatakiwa kumtazama bweha mwenyewe. Hiyo ndiyo tabia ya majina mazuri ya Kiswahili cha porini: hutaja jamii, hutaja sehemu ya mwili au alama, kisha huliachia jicho la msikiaji kazi iliyobaki. Si ufukara wa ubunifu, ni uaminifu. Kinyume chake ni majina kama swala tomi na swala granti, ambayo yamewabeba Waingereza Thomson na Grant mpaka katika Kiswahili, hata mchungaji aliyezaliwa kati ya swala hao huwataja kwa jina la wasafiri waliopita mara moja.

Wako watakaoitetea miwani, na utetezi wao unastahili kusikilizwa. Watasema kwamba mfano hurahisisha kukumbuka. Kwamba mtoto akiambiwa dubu wa miwani hamsahau tena. Kwamba jina hilo limeenea katika lugha nyingi, na mwanafunzi wa Kiswahili akilijua atamtambua mnyama huyo katika kitabu chochote cha kigeni. Utetezi huo una kweli ndani yake. Mfano ni chombo cha elimu tangu zamani, na lugha isiyokubali mfano ni lugha iliyokauka. Pia haifai kudai kwamba kila kilicho cha kigeni kitupwe; neno dubu lenyewe ni la Kiarabu, na Kiswahili hakikupata hasara kulipokea, kwa kuwa nchi zake hazina dubu. Lakini kukumbuka jina si kumjua mnyama. Mtoto aliyekumbuka miwani tu, akionyeshwa dubu wa Andes asiye na alama, atamkana. Kumbukumbu iliyojengwa juu ya sifa isiyodumu ni nyumba iliyojengwa juu ya mchanga.

Hadithi moja ya watoto yaonyesha jinsi ukweli wa mahali unavyoweza kumsaidia hata mtunzi. Michael Bond, mwandishi Mwingereza, alipotunga kisa cha dubu aitwaye Paddington, kilichochapishwa mwaka 1958, alikuwa kwanza amemfanya mgeni kutoka Afrika. Wakala wake alimwambia kwamba Afrika haina dubu. Mwandishi alisahihisha, akamtoa dubu wake Peru. Kwa masahihisho hayo dubu wa kubuni alipata nchi ambayo kweli ina dubu, na nchi hiyo ina wa aina moja tu: yuleyule wa Andes. Wala mtunzi hakumvika miwani. Alimvika kofia, na baadaye koti. Kilichombainisha Paddington katika hadithi yote ni kwamba ametoka mbali na anahitaji kupokewa. Mtunzi wa hadithi za kuchekesha alijali mnyama wake anatoka wapi. Mfasiri wa kitabu cha elimu hawezi kudai kwamba kujali hivyo ni kazi kubwa mno kwake.

Suala hili haliko Andes na Bara Hindi peke yake. Katika kisiwa cha Pemba yuko ndege mdogo wa manjano mwenye pete nyeupe machoni, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Yeye ni wa jamii ya wale ambao Wajerumani huwaita ndege wa miwani, na Makaburu jicho-kioo kidogo. Waingereza huwaita jicho-jeupe, na Wajapani pia humwita wa kwao *mejiro*, maana yake ni ileile. Vigors na Horsfield waliipa jenasi hiyo jina la Kiyunani *Zosterops* mwaka 1827, yaani mshipi wa jicho. Huyu wa Pemba aliandikwa na David Bannerman mwaka 1924, akaitwa *vaughani* kwa heshima ya Vaughan, mtumishi wa serikali ya Kiingereza katika Unguja aliyekuwa mpenzi wa ndege. Linganisho hili ni zuri. Mbele ya pete ileile, mataifa mawili yaliyo mbali sana, Wajapani na Waingereza, yamesema weupe wa jicho; Myunani wa kuazimwa amesema mshipi; na wengine wamesema kioo. Kati ya hayo, weupe wa jicho ndilo jina lisilohitaji chombo chochote. Likifasiriwa Kiswahili halitabadilika maana, kwa kuwa kila mtu ana jicho na kila mtu anajua weupe, lakini si kila mtu ana miwani. Hata hivyo, kabla ya kufasiri lolote, wa kuulizwa kwanza ni Mpemba. Ndege huyu hakungoja mwaka 1924 ili aonekane. Alikuwa akiingia na kutoka katika mikarafuu ya watu wenye Kiswahili safi, na mwandishi wa kamusi atakayemletea Mpemba jina kutoka Ulaya bila kumwuliza atakuwa amemfundisha mwenyeji njia ya kisima chake.

Liko jambo la mwisho linalozidi kuonyesha uzito wa jina. Mwaka 1741 jahazi la msafara wa Vitus Bering lilivunjika katika kisiwa ambacho leo kina jina lake, kisiwa kisichokaliwa na watu siku zile. Mmoja wa waliosalimika alikuwa Georg Wilhelm Steller, mtaalamu wa viumbe. Pale aliona mnandi mkubwa, mzito, asiyeruka vizuri, mwenye pete nyeupe kuzunguka macho. Ndege mmoja alitosha kushibisha watu watatu wenye njaa. Peter Simon Pallas alimwandika mwaka 1811 kwa neno *perspicillatus*. Kufikia karibu mwaka 1850 ndege huyo alikuwa amekwisha kabisa, kwa kuwindwa. Hakuna mtaalamu wa viumbe mwingine aliyemwona akiwa hai ila Steller. Hapakuwa na wenyeji waliompa jina la kwanza, wala hakuna tena mtu awezaye kwenda kumtazama na kulisahihisha la pili. Ngozi chache katika majumba ya makumbusho, mistari michache ya maandishi, na neno miwani: huo ndio urithi wake. Wengine wa kundi hili bado wanaishi, na dubu wa Andes ni mmoja wa wale wanaohesabiwa kuwa hatarini. Mnyama akiondoka, jina hubaki likisema kwa niaba yake, na hapo kila kosa la jina huwa kosa la milele.

Kutokana na hayo yote, kipimo kinaweza kutajwa kwa maneno machache. Jina la mnyama na liulizwe mambo manne: je, alama inayotajwa ipo kwa wote na katika umri wote; je, linamtenga mnyama huyo na wengine; je, maana yake haipotoki likiingia katika lugha mpya; na je, wanaoishi na mnyama huyo wana jina lao? Miwani ya dubu imeshindwa katika la kwanza na la tatu, na katika la nne imewakuta wenye jina wakingoja kuulizwa. Katika la pili imesaidiwa tu na dubu kuwa peke yake katika bara lake. Dubu wa Andes ni jina linaloshinda mambo yote manne kwa upole: halimsingizii sura, na humtaja kwao. Wahispania na Waingereza wenyewe wamekwisha kulizoea jina hilo pamoja na lile la zamani. Naye atakaye kumpa msomaji ladha zaidi, na amwambie pia kwamba kwao huitwa ukuku, kisha amsimulie sababu. Miwani ya mfano yaweza kubaki katika hadithi za watoto na katika maelezo, pale mwandishi asemapo kwamba alama hiyo yafanana na miwani. Maana tashbihi hukiri kwamba inafananisha tu, bali jina hudai kwamba limejua.

Shida ya miwani ni kwamba aliyeivaa haioni. Huona vitu kupitia kwake, akadhani rangi ya kioo ni rangi ya dunia. Wanyama wa kundi hili hawakuvaa kitu. Walizaliwa na nyuso zao. Miwani ilikuwa puani mwa aliyewatazama, na kazi ya Kiswahili, kabla ya kuandika jina lolote katika kamusi, ni kuivua na kutazama upya kwa macho yasiyo na pazia.